Dawa za Maradhi ya Akili: Yale Ambayo Familia Inapaswa Kuambiwa

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na muuguzi wa afya ya akili wa kaunti mbele ya wakazi, viongozi wa mitaa na wahudumu wa afya ya jamii, katika maadhimisho ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba. Tumeyachapisha karibu jinsi yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali ya wakazi.

 

Siku kama hii huwa tunazungumza juu ya dalili na juu ya unyanyapaa, tunapiga makofi, kisha kila mtu anarudi nyumbani. Leo nawaomba tukae kwenye jambo moja tu: zile tembe na zile sindano anazopewa mtu mwenye skizofrenia, au mwenye maradhi mengine yanayomfanya asikie na aamini mambo yasiyokuwapo. Zinafanya nini? Zinaleta usumbufu gani? Na kwa nini watu wengi wanaziacha?

Kosa langu

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa muuguzi mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja, alikuja mama mmoja na kijana wake wa miaka 21. Kijana alikuwa fundi mwanafunzi katika gereji. Mambo yakaanza kidogo kidogo. Aliacha kwenda kazini. Akajifungia chumbani, akaziba dirisha kwa magunia, akasema majirani wanamsikiliza kupitia mabati. Usiku halali. Anajibizana na watu ambao hawapo. Mama alikuwa ameshazunguka kwa waganga watatu na kuuza mbuzi wake wote kabla ya kufika kwetu.

Daktari akaandika haloperidoli. Mimi nikampa mama paketi, nikamwambia: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mrudi baada ya mwezi." Basi. Foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa peke yangu.

Usiku wa tatu, shingo ya kijana ilipinda upande mmoja ikakwama. Taya likakaza, macho yakageuka juu, ulimi ukatoka nje. Mama alipiga mayowe. Majirani walioingia walisema mawili: wengine walisema jini limekasirika, wengine walisema hospitali imempa sumu. Dawa zote zikatupwa chooni usiku uleule.

Ndugu zangu, kilichompata kijana yule ni jambo linalojulikana. Hutokea kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, katika siku za kwanza za dawa ya aina ile. Linatisha sana kulitazama, lakini kwa sindano moja ya bei nafuu hulegea ndani ya nusu saa hivi. Sindano hiyo tulikuwa nayo kabatini. Mama hakuijua, kwa sababu mimi sikumwambia.

Miezi saba baadaye mhudumu wa afya wa kijiji aliniita. Nilimkuta kijana nyuma ya nyumba, amefungwa mnyororo kwenye shina la mwarobaini, kifundo cha mguu kimechubuka mpaka nyama. Mama yake alinitazama akasema: "Mwanangu, ningefanya nini? Alikuwa anatoka usiku anaenda kusimama barabarani kwenye malori." Mama yule hakuwa mkatili. Alikuwa anamlinda mwanawe kwa kitu pekee alichobaki nacho. Alikosa habari, na habari hiyo ilikuwa kwangu.

Tangu siku ile sijawahi kumpa mtu dawa hizi bila kukaa naye chini. Haya ninayowaambia leo ndiyo ambayo ningemwambia mama yule.

Maradhi yenyewe

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote unawapata takriban mtu 1 kati ya watu 300. Kwa hivyo kata ya watu 30,000 inaweza kuwa na watu kama 100. Mnawajua. Wengine mnapishana nao sokoni, wengine wamefichwa ndani.

Ugonjwa huu huanza zaidi mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini na kitu, na kwa wanaume huwahi kidogo kuliko kwa wanawake. Ndiyo maana familia huumia sana. Unamsomesha mtoto, anakaribia kukusaidia, halafu anabadilika mbele ya macho yako.

Dalili zake ziko mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yanayoongezeka: kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba anafuatwa au anawekewa sumu, maneno kuruka kutoka jambo hili hadi lile. Fungu la pili ni yale yanayopungua: hamu ya kuongea, hamu ya kuoga, hamu ya kazi na ya watu. Hili la pili ndilo familia huita uvivu. Si uvivu.

Na tafadhali, msibishane na mgonjwa kuhusu sauti. Masikioni mwake sauti ile ni ya kweli kama yangu hii. Mwambie: "Mimi siisikii, lakini naona inakusumbua." Hapo anajua hujamdharau.

Dawa hizi zilitoka wapi?

Kwa muda mrefu hapakuwa na dawa. Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilifunguliwa kwa wagonjwa wa akili mwaka 1910, na kwa miaka mingi kazi kubwa ya hospitali za namna hiyo, hapa na Ulaya pia, ilikuwa kuwafungia watu tu.

Mabadiliko yalitokea Ufaransa. Mwishoni mwa mwaka 1950 mkemia Paul Charpentier alitengeneza klopromazini. Daktari wa upasuaji wa jeshi la wanamaji, Henri Laborit, akaona kwamba wagonjwa aliowapa kabla ya upasuaji wanatulia bila kupoteza fahamu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne huko Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wakawapa wagonjwa wa akili, na watu waliokuwa wakipiga kelele kwa miaka wakaanza kuzungumza. Dawa hiyo ndiyo ambayo wazee wengine hapa wanaijua kwa jina la Largactil. Mwaka 1958 ikatengenezwa haloperidoli huko Ubelgiji, katika maabara ya Paul Janssen. Baadaye zikaja klozapini, risperidoni, olanzapini na nyinginezo.

Zinafanya kazi vipi?

Fikirieni jirani aliyefungulia redio sauti ya juu kabisa, mchana na usiku, na wewe huwezi kuizima. Utalala? Utamsikia mtoto wako akikuita? Ndani ya ubongo kuna kemikali inayoitwa dopamini, ambayo hupeleka ujumbe kutoka seli hadi seli. Kwa mtu mwenye maradhi haya, katika sehemu fulani za ubongo ujumbe huo unapita kwa nguvu kupita kiasi. Dawa inaziba baadhi ya milango ambayo dopamini huingilia. Redio inapunguzwa sauti.

Wengine sauti huzimika kabisa. Wengine hubaki kama mnong'ono wa mbali, lakini mtu anaweza kula, kulala na kufanya kazi. Hayo pia ni mafanikio.

Sasa sikilizeni kuhusu muda, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Siku za kwanza mtu hutulia na kulala. Sauti na zile imani zinazomtesa huchukua wiki kadhaa kupungua, mara nyingi wiki mbili hadi sita. Mkiona wiki ya kwanza bado anaongea peke yake, msiseme dawa imeshindwa. Polepole ndio mwendo.

Zaidi ya hayo, dawa hizi hufanya kazi vizuri zaidi kwa lile fungu la kwanza la dalili kuliko lile la pili. Sauti zinaweza kupoa na bado kijana akakaa kimya pembeni. Hapo tembe haitoshi. Anahitaji kazi ndogo ya kila siku, mtu wa kutembea naye, na familia isiyomwita mzembe.

Dawa hizihizi hutumika pia kwa mtu ambaye hisia zake hupanda kupita kiasi, halali, anatumia pesa ovyo na kujiona mfalme, na kwa baadhi ya wenye huzuni kubwa inayofuatana na sauti. Kwa wazee waliopoteza kumbukumbu hutumiwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa kwao zinaweza kuongeza hatari ya kifo. Kwa hivyo usimpe bibi yako tembe za mjomba kwa sababu tu hakulala jana.

Kuna wanaouliza kama dawa hizi zina uraibu kama bangi au pombe. Hapana. Hazimpi mtu raha ya kutamani kipimo kikubwa zaidi. Mtu wa presha anameza tembe kila siku na hakuna anayemwita mraibu.

Usumbufu wa dawa

Sasa nafika pale ambapo nilinyamaza zamani. Dawa hizi zina madhara. Anayekwambia hazina, hajamsikiliza mgonjwa.

La kwanza ni lile la shingo, taya na macho kukakamaa. Hutokea zaidi kwa dawa za zamani kama haloperidoli, katika siku za kwanza. Likitokea, usitupe dawa. Mlete mgonjwa kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

La pili ni mikono kutetemeka, mwendo kuwa mzito na uso kukosa tabasamu. Mara nyingi tunapunguza kipimo, tunabadilisha dawa, au tunaongeza tembe ya kulegeza ambayo wengi mnaijua kama Artane. Tembe hiyo itumiwe kama ulivyoandikiwa tu. Tunajua inauzwa mitaani kwa vijana wanaotafuta ulevi, na kwa wingi inaweza yenyewe kumchanganya mtu akili.

La tatu ni kutotulia. Mtu hawezi kukaa, anatembea huku na huku, miguu inamwasha kwa ndani. Familia hudhani ugonjwa umezidi na kuomba kipimo kiongezwe, kumbe ni dawa ndiyo inayomchoma, na kuongeza kipimo ni kumzidishia mateso. Muulizeni: "Ni mawazo yanakusukuma, au ni miguu?"

La nne ni uzito na sukari. Olanzapini na klozapini zinaongoza hapa. Njaa inakuwa kubwa, mwili unanenepa, na kwa wengine sukari ya damu hupanda. Mgonjwa apimwe uzito, presha na sukari mara kwa mara. Ni haki yake. Msikubali kuchukua dawa miaka mitatu bila mtu kumweka kwenye mizani.

La tano ni lile watu wanaloona haya kulisema. Baadhi ya dawa, risperidoni ikiwa mojawapo, zinaweza kukatisha hedhi, kutoa maziwa kwa mtu asiyenyonyesha, na kupunguza nguvu za kiume. Wanaume wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hii, na mke hajui na daktari hajui. Ndugu yangu, tuambie. Hutakuwa wa kwanza, na ipo njia ya kubadilisha. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Yapo na madogo: mdomo kukauka, choo kigumu, usingizi mzito, kizunguzungu ukiinuka ghafla. Kwa mtu anayetumia klozapini, choo kigumu si jambo dogo. Akikaa siku kadhaa bila kwenda haja kubwa, aje. Na lipo linalokuja baada ya miezi au miaka: midomo au ulimi kuanza kutafunatafuna wenyewe. Ukiliona, njoo mapema, kwa sababu likikomaa ni gumu kuondoka.

Mawili ni ya dharura, naomba myashike. Mtu anayetumia dawa hizi akipata homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa, asimeze tembe nyingine, na apelekwe hospitali mara moja. Na anayetumia klozapini akipata homa au koo kuuma, aje siku hiyohiyo apimwe damu, kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu zinazotukinga na maradhi. Ndiyo maana anayeianza hupimwa damu kila wiki kwa miezi ya mwanzo. Klozapini hupewa wale ambao dawa nyingine mbili zimeshindwa kuwasaidia, na kwa wengi wao imefanya kazi kubwa.

Kwa nini usiache ghafla

Watu huacha dawa kwa sababu nyingi. Madhara niliyoyataja. Nauli ya kwenda kliniki. Maneno ya jirani. Lakini sababu nyingine kubwa ni kupona. Mtu anajisikia vizuri, anasema sasa dawa za nini? Wiki ya kwanza hakuna kitu, wiki ya pili hakuna kitu, anajipongeza. Kisha baada ya wiki au miezi, usingizi unakatika, magunia yanarudi dirishani. Na kila anaporudi chini, safari ya kupanda tena inaweza kuwa ndefu zaidi.

Kwa mtu aliyeugua mara ya kwanza, ushauri ni kuendelea na dawa kwa angalau mwaka mmoja baada ya dalili kuisha, halafu kuzungumza na daktari kuhusu kupunguza kidogo kidogo. Aliyeugua mara nyingi huhitaji miaka mingi, na wengine maisha yote. Kutaka kupunguza si dhambi. Njoo tupunguze pamoja.

Kwa wanaosahau au wanaochoka kumeza kila siku, ipo sindano ambayo wengi huiita sindano ya mwezi, kwa mfano flufenazini, ambayo wengine huijua kama Modecate. Hudungwa kwenye misuli kila baada ya wiki mbili hadi nne.

Najua mnataka kuniuliza: na mkituambia dawa zimeisha? Swali hilo ni la haki na sitalikimbia. Hutokea. Nimesimama dirishani nikamwambia mtu aliyepanda matatu mbili kwamba hakuna, na nikaona aibu. Mambo matatu yanasaidia. Njoo wiki moja kabla tembe hazijaisha, si siku zimeisha. Usikubali kuondoka mikono mitupu bila kuuliza kama ipo dawa nyingine ya kushikilia au kituo kingine chenye akiba. Na dawa ikikosekana, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako na msimamizi wa kituo. Sisi huagiza kulingana na hesabu ya wagonjwa waliofika. Mgonjwa aliyefichwa nyumbani hayumo kwenye hesabu.

Muguka, mnazi na bangi

Vijana, hapa ni kwenu. Miraa na muguka vina kemikali inayoongeza dopamini kwenye ubongo. Mmeshasikia dawa inafanya nini: inaifungia milango dopamini. Sasa asubuhi unameza dawa ya kupunguza redio, mchana unatafuna muguka wa kuiongeza sauti. Unatarajia nini? Bangi nayo, hasa ikianzwa utotoni, huongeza uwezekano wa mtu kupata saikosisi na humrudisha chini aliyekwisha kupona. Mnazi na chang'aa huongezea usingizi wa dawa, na mtu anaweza kuzimika.

Sigara ina mambo yake. Moshi wake hupunguza nguvu ya olanzapini na klozapini mwilini. Ukiamua kuacha sigara, jambo ambalo ni jema, mwambie daktari ili kipimo kiangaliwe.

Mnyororo na sheria

Katiba yetu, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na afya ya akili imo. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na marekebisho hayo yanazitaka kaunti kutoa huduma hizi katika vituo vyake, ili mtu asilazimike kusafiri mpaka Mathari, au kwa sisi wa Pwani mpaka Port Reitz, kwa kila tembe. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa matibabu yake na kuulizwa kama anayakubali.

Kwa hivyo mambo ya kumfichia dawa kwenye uji, naomba tuyaache. Siku akigundua, atakuwa na sababu ya kweli ya kuamini kwamba anawekewa kitu kwenye chakula.

Na yeyote mwenye ndugu aliyefungwa nyumbani: sikuja kukushtaki. Nimeshaona kwa nini watu hufunga. Nakuomba umwambie mhudumu wa afya ya jamii, au uniambie mimi kando baada ya mkutano. Tutakuja na dawa kabla ya maneno.

Kijana yule tulimfungua. Tulianza upya, kwa kipimo kidogo na dawa nyingine, na safari hii mama alijua kila kitakachoweza kutokea. Sasa anapata sindano kila mwezi. Anaziba pancha kando ya barabara ileile ya malori. Hajapona kabisa. Ananiambia bado kuna sauti moja, lakini siku hizi "inaongea kama mtu aliye mbali." Amenenepa na hapendi, kwa hivyo tunaongea kuhusu ugali na kutembea. Alama ya mnyororo bado iko kwenye mguu wake. Nikimdunga sindano huwa naiona.

Maswali ya wakazi

Mama mmoja: Mchungaji anamwombea mtoto wangu, na babu yake ana dawa za miti shamba. Niache ipi?

Maombi hayagongani na dawa hata kidogo. Endelea nayo, mradi hakuna anayemfungisha kula, kumpiga au kumwambia aache tembe ili kuonyesha imani. Miti shamba ni jambo jingine. Baadhi ya mimea ina nguvu kweli na inaweza kugongana na dawa za hospitali. Tuletee, au tutajie jina lake. Hatutamcheka babu.

Baba mmoja: Mke wangu anatumia dawa hizi na ana mimba ya miezi mitatu. Aziache?

Asiziache ghafla. Akiugua tena akiwa mjamzito, hatari ni kwake na kwa mtoto. Mlete wiki hii, si kliniki ijayo. Tutaangalia ni dawa gani na kipimo gani. Iko dawa moja ya kutuliza hisia, valproeti, ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayeitumia na anataka kuzaa azungumze nasi kabla ya kushika mimba.

Kijana wa boda boda: Mtu anayetumia dawa anaweza kuendesha pikipiki?

Wiki za kwanza, au kipimo kikibadilishwa, hapana, kwa sababu ya usingizi. Baadaye wengi wanaweza, wakishatulia na wakiwa hawasinzii. Tunaamua pamoja naye.

Msichana mmoja: Baba yangu ana ugonjwa huu. Mimi nitaupata?

Uwezekano wako uko juu kuliko wa mwingine, lakini watoto wengi sana wa wagonjwa hawaupati kabisa. Wewe usiguse bangi, lala vya kutosha, na ukiona umebadilika, njoo mapema. Na asante kwa kuuliza mbele ya watu. Umewasaidia wengi.

Maswali ya kuuliza unapopewa dawa

Msiondoke dirishani kabla hamjajibiwa maswali haya matano, hata foleni ikiwa ndefu:

1. Dawa hii inaitwaje, na inatumiwa saa ngapi?
2. Itachukua muda gani kabla hatujaona nafuu?
3. Ni madhara gani yanayoweza kutokea, na ni yapi ya kukimbilia hospitali?
4. Tukisahau kipimo kimoja tufanye nini?
5. Turudi lini, na tumwone nani dawa ikiisha kabla ya siku hiyo?

Mkipewa jibu la "kimoja asubuhi, kimoja jioni" peke yake, kaeni hapohapo. Mwambieni muuguzi mlitumwa na mwenzake aliyewahi kukosea.

Kwa wakazi: Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, ambaye ataielekeza familia mahali huduma ya akili inapotolewa. Ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) anaweza kufanya hivyo kwa simu kupitia *147#, au aombe usaidizi kituoni. Mgonjwa anayehatarisha maisha yake au ya wengine apelekwe moja kwa moja kwenye idara ya dharura ya hospitali, mchana au usiku.